Mgonjwa wa Saratani Asiachwe Kutafuta Peke Yake

MGONJWA wa saratani anayetoka Wete au Mkoani kwenda kutibiwa katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, huvuka bahari, hutafuta pa kulala, na huacha watoto mikononi mwa jirani. Aliyekwisha kubeba mzigo huo ana haki ya kuelezwa kila njia ya matibabu iliyopo. Mojawapo ni majaribio ya tiba, ambayo wengi wetu hatuyajui, na wanaoyasikia huyaogopa.

Hofu hiyo haistaajabishi. Hakuna apendaye mwili wake kufanyiwa majaribio. Lakini tutazame kwa jirani zetu. Mwaka 1958 Dakta Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1967 ikaanzishwa huko Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dawa zikajaribiwa kwa utaratibu, na watoto waliokwisha kukatiwa tamaa wakapona. Elimu hiyo ikaufaa ulimwengu mzima.

Leo majaribio huorodheshwa katika madaftari ya wazi kwenye intaneti: liko la Marekani, lililofunguliwa mwaka 2000, na liko la Afrika. Kuyasoma ni bure. Taabu ni kuyaelewa, kwani lugha yake ni Kiingereza cha kitaalamu. Tena kila jaribio lina masharti: aina ya saratani, hatua iliyofikia, umri wa mgonjwa, na dawa alizokwisha kutumia. Asiye na majibu ya maabara mkononi hawezi hata kujua kama anafaa.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana ya afya mambo matatu. Kwanza, kila mgonjwa apewe nakala ya majibu yake. Pili, ateuliwe muuguzi wa kupekua madaftari hayo na kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Tatu, aliyekubaliwa asikwamishwe na nauli.

Nanyi wananchi, fahamuni kwamba jaribio si ahadi ya kupona. Dawa mpya yaweza kushindwa, au kudhuru. Ndiyo maana Azimio la Helsinki, lililopitishwa na madaktari wa dunia mwaka 1964, linataka mgonjwa aelezwe, aridhie kwa hiari, na awe huru kujitoa wakati wowote. Basi mwulizeni daktari kabla ya kukubali, na kabla ya kukataa. Kuuliza si ujinga.