Pipa Kuukuu, Tanuri la Samaki

Huko Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, dagaa huanikwa juani. Lakini mukeke, ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, asipouzwa siku ile ile huoza. Dawa yake ni moshi. Tatizo ni kwamba moto wa wazi hula kuni nyingi, na moshi wake huwaumiza macho na kifua akina mama wanaobanika.

Pipa la chuma la lita 200 laweza kutusaidia. Tuondoe kifuniko, tukate mlango wa moto chini, tupitishe nondo juu, tutandike wavu wa waya, kisha tufunike kwa bati. Joto hubaki ndani na kuni hupungua.

Mafundi, hadhari! Pipa la petroli, hata likiwa tupu, huweza kulipuka likikatwa kwa moto. Lililobeba dawa za sumu lisiguswe kabisa. Rumonge ni nchi ya mawese: tutafute pipa la mafuta ya kula, tulikate kwa tindo na nyundo, tuunguze rangi yote kabla ya kupanga samaki.

Fundi na mbanikaji wote ni wafanyakazi. Kifua cha mama huyo nacho kina haki ya kulindwa.