Seli za Jua Angani: Wati kwa Kila Kilo

Fundi anayekufungia sola juu ya paa hajali sana paneli ikiwa na kilo 20, alimradi paa linahimili. Kwenye setilaiti hesabu ni nyingine. Kila gramu hupandishwa na roketi, na safari ya roketi hulipiwa kwa uzito. Ndiyo maana wahandisi wa anga za juu hawaishii kuuliza paneli inatoa wati ngapi. Wanataka kujua inatoa wati ngapi kwa kila kilo.

Juu ya angahewa, mita moja ya mraba iliyoelekezwa kwenye jua hupokea wati zipatazo 1,360. Seli zilizozoeleka kwenye setilaiti za leo, zenye matabaka matatu juu ya jemaniamu, hugeuza karibu asilimia 30 ya mwanga huo kuwa umeme. Ni hodari, lakini ni ghali, na lazima zibandikwe kioo maalumu chenye seriamu ili mionzi isizichakaze upesi. Kioo, gundi na ubao wa kuzibeba vyote huingia kwenye mizani.

Seli za utando mwembamba zinapunguza mzigo huo. Silikoni hunasa mwanga kwa shida, hivyo hukatwa vipande vyenye unene wa mikromita 100 au zaidi. Kadmiamu teluraidi, ambayo seli hizo za utando huundwa kwayo, humaliza kazi hiyo ndani ya mikromita mbili au tatu; unywele wa binadamu ni mnene zaidi ya hapo mara ishirini na kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea, Wales, wakaona kwamba kioo cha kinga kitapanda tu, iwe iwavyo. Basi wakaijenga seli moja kwa moja mgongoni mwa kioo hicho, chenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Gundi ikawa haina kazi tena.

Seli nne za aina hiyo, kila moja ya sentimita moja ya mraba, zilipanda na AlSat-1N, setilaiti ndogo ya Algeria iliyorushwa kutoka India Septemba 2016. Wahandisi wa Algeria waliiunda wakiwa mafunzoni Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Jaribio lilipangiwa mwaka mmoja, lakini vipimo viliendelea kuja kwa miaka sita, mizunguko ipatayo 30,000.

Kila mzunguko huchukua kama saa moja na nusu, na ndani yake setilaiti huungua juani kisha huzizima kivulini. Kioo, utando na metali havitanuki kwa kiwango kimoja, hivyo hofu kubwa ilikuwa utando kubanduka. Haukubanduka, wala mkondo wa umeme uliozalishwa na mwanga haukupungua. Hata hivyo, nguvu iliyotoka ilishuka, kwa sababu sehemu ya umeme ilivujia ndani ya seli yenyewe badala ya kupita kwenye waya. Watafiti waliinyoshea kidole dhahabu ya viunganishi vya nyuma: atomi zake zilihama taratibu, zikajipenyeza ndani ya utando na kufungua njia za mchepuko. Kwa hiyo utando ulistahimili mionzi. Kinachohitaji kubadilishwa ni kiunganishi.

Je, seli hizi zitazifukuza zile za asilimia 30? Si kila mahali. Setilaiti ndogo haina nafasi ya kutandaza paneli kubwa, hivyo kila asilimia ya ufanisi ina thamani yake. Mambo hubadilika kwenye paneli za makumi ya mita, au kwenye mitambo inayofikiriwa ya kuzalisha umeme angani na kuuleta duniani. Huko, tuseme seli ina nusu ya ufanisi na robo ya uzito: itatoa wati mara mbili kwa kila kilo. Viunganishi vyake vikidumu, anayelipia roketi hatakuwa na sababu ya kuikataa.