Mshono wa Nikeli Unapoingia Tanurini

Aloi nyingi za nikeli zinazofanya kazi kwenye sehemu za moto za injini za ndege hupata nguvu kutokana na chembe ndogo mno, ambazo hujijenga ndani ya metali ikikaa kwenye joto kwa saa nyingi. Fundi anapochomelea, sehemu iliyoyeyuka huzipoteza chembe hizo, na ukanda wa pembeni hulegea. Ili nguvu irudi, kipande kizima huingizwa tanurini.

Hapo ndipo penye hatari. Mshono uliopoa hubaki na mvutano, kwani ulitaka kusinyaa bamba lililochomelewa likaukatalia. Aloi za Waspaloy na René 41, zenye alumini na titani nyingi, hujenga chembe upesi wakati tanuri lingali linapanda joto. Metali hukakamaa kabla mvutano haujalegea, na mshono uliotoka mzima mikononi mwa fundi hupasuka. Mkaguzi hupaka kimiminika kinachong'aa chini ya taa maalumu, akakifuta. Ufa hujionyesha kama uzi mwembamba pembeni mwa mshono.

Aloi ya Inconel 718, aliyoibuni Herbert Eiselstein na kupewa hataza Marekani mwaka 1962, iliponea kwa kuchelewa kukomaa, yaani kujenga chembe zake. Ina takriban asilimia 5 ya niobi, na chembe za niobi hujijenga polepole, hivyo mvutano hupata muda wa kulegea. Kwa kawaida hupashwa nyuzijoto 980 kwa saa moja, ikapozwa, kisha ikakaa saa 8 kwenye nyuzijoto 718, sawa na namba ya jina lake. Joto hushushwa taratibu hadi 620, zoezi zima la ukomaaji likichukua saa 18. Ikitoka, huhimili zaidi ya megapaskali 1,000 kabla ya kupinda kwa kudumu. Chuma cha kawaida cha ujenzi hupinda kwenye takriban 250.

Niobi hiyohiyo ina kasoro. Mshono unapoganda, hujikusanya mahali pamoja na kufanya vinundu vinavyovunjika kirahisi. Nyuzijoto 980 hazitoshi kuviyeyusha vyote. Zikipandishwa hadi 1,100, punje za bamba hunenepa na bamba huchoka mapema. Afadhali kuchomelea kwa mwali wa elektroni, ambao huacha mshono mwembamba unaopoa haraka, kuliko kutegemea tanuri lirekebishe.

Hata hivyo, Inconel 718 ikikaa muda mrefu juu ya nyuzijoto 650, chembe zake hubadilika umbo na nguvu hupungua, mshono uwe mzuri namna gani.