Sura ya Sita: Marumaru Hazizuii Maji

Kila ninapoitwa kuangalia bafu linalovuja, nakuta kuna mtu amenitangulia na mfuko wa simenti nyeupe. Ameipaka kwenye mistari ya marumaru, ameifuta kwa kitambaa, amelipwa, ameondoka. Wiki mbili bafu likawa kavu, au likaonekana kavu. Wiki ya tatu doa likarudi kwenye dari la jirani wa chini, pana kuliko mwanzo. Mwenye nyumba ananiambia simenti ile ilikuwa feki. Haikuwa feki. Kosa liko kwenye imani iliyomfanya ainunue, kwamba marumaru ndizo zinazozuia maji.

Hazizuii. Kipande chenyewe, hasa cha porselini, hakinywi maji ya kutajika, lakini ukuta wa bafu haukutengenezwa kwa kipande kimoja. Chukua ukuta wa mita 2 kwa 2 uliopambwa kwa marumaru za sentimita 30 kwa 30: una mistari ya grauti yenye urefu wa mita 24 hivi. Grauti ya simenti ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Dondoshea tone la maji kwenye mstari mkavu, uone unavyobadilika rangi na kuwa mweusi. Hapo umekunywa. Mafundi wote waliosoma kazi hii wanajua hivyo, ndiyo maana nyuma ya marumaru hutangulizwa utando usiopitisha maji. Marumaru ni nguo. Ngozi ni ule utando. Bafu likivuja kwenye sakafu au ukuta, mara nyingi ni kwa sababu lilivishwa nguo bila ngozi.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na mkanganyiko huu. Nenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, uone birika la kuogea la pembe nane. Wageni hulistaajabia umbo lake. Mimi hutazama lipu. Birika lile halikuhitaji marumaru. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe, jiwe lenye matundu kama sifongo, na bado lilitakiwa kubeba maji. Kilichoyashikilia maji ni chokaa. Matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo yalizimwa kwa maji, chokaa ikasubiriwa ilainike, kisha ikapakwa na kusuguliwa mpaka uso ukafungamana. Kazi ya kuzuia maji na kazi ya kupendeza macho zilikabidhiwa tabaka hilohilo moja, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kuficha uzembe nyuma ya pambo. Sisi tumezitenganisha kazi hizo mbili, tukawa tunailipia ile inayoonekana na kuisahau isiyoonekana. Nikiwa na mwanafunzi wa ufundi anayebisha kwamba marumaru nzuri zinatosha, sibishani naye sana. Namwambia afike Kilwa.

Turudi bafuni. Kabla hujavunja kitu wala kununua kitu, jiulize: maji yanavuja saa ngapi? Swali hili linaokoa fedha kuliko chombo chochote kilichomo kwenye mkoba wangu.

Kama doa linakua hata siku ambazo hakuna aliyeoga, shuku bomba linaloleta maji. Funga koki zote za nyumbani, kisha itazame mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja kati ya mita na koki zako. Wenye matanki wafunge maji yanayoingia, waweke alama kwenye usawa wa maji usiku, waangalie alfajiri. Na hapa lazima niseme jambo ambalo limenichosha. Nimeingia katika nyumba ambako familia ilihama chumba kwa sababu ukuta wa bafu ulikuwa “unalia” usiku wa manane na kutoa doa lenye sura ya mtu. Bibi wa nyumba alinishika mkono akaniuliza, “Mwanangu, niambie kweli, si jini?” Mganga alikuwa ameshachukua fedha zake. Usiku watu wengi wamelala, matumizi ya mtaa mzima yanapungua, na msukumo wa maji kwenye mabomba unapanda. Kiungio kilicholegea kinachotoa tone moja moja mchana hutoa mchirizi usiku, na ukimya unakufanya uusikie. Nilivunja sehemu ndogo iliyoenea kiganja, nikakuta kona ya bomba iliyofungwa bila tepu ya kutosha. Bibi yule alirudi chumbani kwake. Fedha ya mganga haikurudi.

Kama maji yanavuja pale tu yanapotoka kwenda kwenye karo, tatizo liko kwenye trapu au bomba la maji machafu. Jaza beseni la kuogea, acha saa nzima, tazama chini. Kama pakavu, zibua tundu, tazama tena. Usisahau lile tundu la juu linalozuia beseni kufurika. Mpira wake hukauka na kupasuka, na hakuna anayeujali mpaka mtoto ajaze maji hadi ukingoni.

Kama panavuja wakati wa kuoga tu, sasa ndipo tuzungumze habari za ukuta na sakafu. Kwanza elekeza bomba la mvua lote ndani ya ndoo, maji yasiguse ukuta. Pakivuja, ni bomba lililomo ukutani. Pasipovuja, mwagia ukuta kwa kopo, upande mmoja mmoja. Mwisho ziba tundu la sakafuni, jaza maji yenye kina cha sentimita 2 au 3, weka alama, subiri saa 24.

Nilikusudia kugawa sawasawa nafasi ya visa hivi vitatu, lakini hiki cha tatu, hasa pale beseni linapokutana na ukuta, kinastahili zaidi, kwa kuwa ndicho kinachorudiwa vibaya kila mahali. Nyumba moja ya wageni Tanga iliniita baada ya silikoni kupakwa mara nne katika mwaka mmoja kwenye mwanya kati ya beseni na marumaru. Kila mara ilibanduka upande wa beseni. Meneja alishalaumu duka, nchi ilikotoka silikoni, na joto la Tanga. Hakuna aliyepiga hesabu ya uzito. Beseni lile lilichukua lita 150, yaani kilo 150. Ongeza mtu wa kilo 70, unapata kilo 220. Beseni likibeba mzigo huo hushuka kidogo, milimita moja au mbili, kisha hupanda likimwagwa. Ukuta haushuki. Kwa hiyo mwanya ule unafunguka na kufunga kila siku. Grauti haivutiki, basi itapasuka. Silikoni inavutika, lakini ukiipaka beseni likiwa tupu, umeipaka mwanya ukiwa mwembamba kabisa. Mtu wa kwanza kuoga anaivuta kupita uwezo wake.

Dawa yake ni kujaza beseni kabla ya kupaka. Ondoa silikoni yote ya zamani kwa wembe, usiache hata uzi, kwa kuwa silikoni mpya haishikani na ya zamani. Futa kwa spiriti. Acha mwanya ukauke siku moja au mbili, bila mtu kuoga. Jaza maji. Bandika tepu ya karatasi juu na chini, paka mstari wenye upana wa milimita 6 hivi unaogusa pande zote mbili, ulainishe mara moja, bandua tepu. Usimwage maji mpaka saa 24 zipite. Silikoni hukomaa kwa unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, milimita mbili au tatu kwa siku, kwa hiyo uso ukiwa mkavu kiganjani bado ndani ni laini. Chagua ile isiyonuka siki, maana yenye harufu ya siki hutoa asidi inayodhuru simenti na mawe ya asili. Kanuni hiyohiyo inatawala pembe za bomba la mvua: ukuta unapokutana na ukuta, au na sakafu, weka silikoni, usiweke grauti.

Siku hizi simu zimejaa matangazo ya dawa ya kunyunyizia inayodaiwa kuponya bafu lolote kwa dakika tano bila kuvunja. Nyingi huufanya uso wa grauti usukume matone, na kwenye video hilo hupendeza sana. Haijazi ufa, haifungi bomba, na haigeuzi sakafu inayoteremkia mlangoni iteremkie kwenye tundu.

Utando ukikosekana kabisa, hakuna njia ya mkato. Vunja. Sakafu ipewe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Utando upakwe mara mbili, wa pili ukikatisha wa kwanza, pembe zikifungwa kwa utepe wa wavu, na ukutani upande mpaka kimo cha bomba la mvua. Marumaru zibandikwe kwa gundi iliyotandazwa yote kwa mwiko wa meno, si kwa madonge matano ya simenti. Nafasi kati ya madonge hugeuka visima. Gonga marumaru zako kwa sarafu: inayolia kama debe tupu, chini yake kuna uwazi.

Na ukimwajiri fundi, wekeni sharti hili kabla ya kazi kuanza: marumaru hata moja isibandikwe mpaka umeona kwa macho yako maji yamesimama juu ya utando mtupu kwa saa 24, na umeshuka chini ukaligusa dari kwa kiganja. Akikataa, tafuta mwingine.