Wakristo wa Uyui Wanapopatwa

Katika vijiji vinavyoizunguka Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, Mkristo hajulikani kwa kuhudhuria ibada ya Jumapili. Hujulikana akipatwa na shida. Mvua ikikatika tumbaku ingali changa, au homa ya mtoto ikikataa kushuka, majirani humwangalia ataelekea wapi: kwa wazee wa kanisa, au gizani kwa mfumu, mpiga ramli.

Swali hilo lina mizizi mirefu. Kabla ya wamisionari, Wanyamwezi walimjua Mungu kwa majina ya Likube na Limatunda, yaani Muumba, ila katika dhiki za kila siku waliiendea mizimu ya wahenga. Ugonjwa ulikuwa na mwenyewe: mzimu uliosahauliwa au mchawi. Ndiyo maana kisa cha Ayubu, mtu mwema anayeteseka bila kosa, ni kigumu kumeza. Kinamnyima mgonjwa mtu wa kumlaumu.

Walioleta mafundisho hayo hawakusalimika wenyewe. Mmisionari Dk. Ebenezer Southon, aliyefika Urambo kwa mtemi Mirambo mwaka 1879, alikufa huko mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyomfyatukia kwa bahati mbaya. Wamoravian walikipokea kituo chake cha misheni mwaka 1898. Upande wa Wakatoliki yupo Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akatibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956.

Uadilifu wenyewe hupimwa zaidi kwenye mali kuliko kwenye maneno. Mizinga ya nyuki ya magogo hutundikwa mbali katika misitu ya miombo, haina mlinzi, ina alama ya mwenyewe tu. Kurina mzinga wa mwenzio ni aibu iliyolitangulia kanisa. Kishawishi cha siku hizi ni kuchanganya asali na maji ya sukari kabla ya kuipeleka sokoni, hasa mwaka wa njaa.

Tumbaku ina mtego mbaya zaidi. Mkulima hukopeshwa mbolea kupitia chama cha msingi, na wanachama hudhaminiana. Msimu ukiharibika, mlanguzi huja usiku na fedha taslimu. Anayemtoroshea marobota yake hulisha watoto wake, na deni humwangukia jirani. Hapo ndipo sala ya mkulima inapokuwa na bei, na mahubiri mengi hayafiki hapo.

Kufiwa hakumwachi mtu peke yake. Majirani huleta unga, kuni na maji bila kuitwa, kwaya huimba hadi usiku wa manane, na watani hufanya mizaha mbele ya wafiwa bila mtu kukasirika. Utani huo ni wa jadi, na kanisa halikuweza kuuondoa. Pengine vyema, kwani mfiwa aliyecheka kidogo hula.

Wamoravian wana desturi nyingine, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, waumini hukusanyika makaburini wakiimba, na waliozika mwaka huo husimama pamoja na wengine.