Nahodha mwenye "mambo yake"

Kijana mmoja wa Kigombe, wilayani Muheza, anaandika mchezo wa redio, naye ameniletea swali. Katika mchezo huo nahodha amerudi kijijini baada ya miaka mingi. Ana fedha, na hapendi kuulizwa zilikotoka. Je, msimulizi aseme nahodha huyu ana historia gani? Kijana aliandika "historia yenye kutia shaka", kisha akaifuta. Anasema inanuka ofisi. Namuunga mkono; barazani hakuna anayezungumza hivyo.

Maneno ya kumchafua mtu tunayo tele, ila kila moja lina kazi yake. "Mhuni" huelekea zaidi tabia ya leo kuliko ya jana. "Mwizi" na "jambazi" ni hukumu: anayeyatamka anadai kwamba anajua. "Aliyekubuhu" bado anaendelea na mchezo wake. "Mwenye doa" ni wa kosa linalofahamika. Lakini kosa la nahodha wetu halijulikani, kwa hiyo linatakiwa neno la kushuku tu. Watu wa pwani wanalo: "Yule ana mambo yake." Mambo gani? Hawasemi, na kila msikilizaji atajaza yaliyo moyoni mwake.

Halafu kuna suala la miaka. Tuseme nahodha alikuwa mtu wa magendo. Mwaka 1983, wakati wa msako ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtu aliyekutwa ameficha katoni za sabuni aliitwa mlanguzi au mhujumu uchumi. Mwaka 1984 biashara ikaanza kulegezwa, mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, na mtu yuleyule, na sabuni ileile, akawa mfanyabiashara! Kwa hiyo mwandishi aangalie nani anasema. Polisi mstaafu atasema "mhujumu". Mama aliyenunua sabuni kwake enzi za foleni atasema, "Alikuwa akitusaidia." Wote wawili wanamzungumzia mtu mmoja, na hakuna anayesema uongo.

Na kama nahodha alikuwa mvuvi wa baruti? Hapo Kigombe neno halihitajiki sana. Uvuvi huo umepigwa marufuku tangu 1970, lakini kwa miongo kadhaa baadaye milipuko iliendelea kusikika ufukweni Tanga, matumbawe yakavunjika, na wapo wavuvi waliopoteza vidole au mkono mzima. Tatizo ni kwamba redio haina macho. Basi aingizwe mtoto, amwambie nahodha, "Babu, mbona unasalimia kwa mkono wa kushoto?" Kisha kimya kidogo.

Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 pwani hiyohiyo, kusini kidogo ya mji wa Tanga, alijua kuchelewesha habari. Katika Adili na Nduguze tunawaona manyani wakichapwa kila usiku kabla hatujaambiwa walitenda nini. Ila ndugu hao aliwaita Hasidi na Mwivu, na katika hilo nisingemfuata: jina likishatoa hukumu, shaka imekufa.

Nimemshauri kijana amnyang'anye msimulizi kazi ya kumpima nahodha. Ataje tu mwaka jahazi lilipoondoka Kigombe, mwaka liliporudi, na kwamba lilishusha mizigo usiku. "Ana mambo yake" aachiwe jirani, tena aliseme kwa sauti ya chini, akiwa anahesabu noti alizokopeshwa na nahodha.