Mtafiti akibisha hodi: Kamati za maadili za vyuo vikuu Uganda zinamlinda nani?

Wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vikuu vya Kampala huingia mitaani mara kwa mara wakiwa na madodoso na vinasa sauti. Huwauliza wakazi kuhusu kipato, ndoa, imani, safari ya ukimbizi na vita walivyovikimbia. Kabla ya swali la kwanza kuulizwa, mpango wa utafiti unapaswa kuwa umepita mbele ya kamati ya maadili. Wazungumzaji wa Kiswahili, ambao wengi wao ni wageni katika jiji hili, wana sababu ya pekee ya kufahamu kazi ya kamati hiyo na mahali inapoishia.

Kwa nini maswali yakaguliwe?

Ni rahisi kuona kwa nini jaribio la dawa hukaguliwa: dawa huingia mwilini na inaweza kudhuru. Madhara ya utafiti wa sayansi ya jamii hupitia njia nyingine. Siri aliyoitoa mtu kwa nia njema inaweza kumfikia mwajiri, mume, polisi au kundi lenye silaha alilolikimbia. Sifa mbaya iliyoandikwa kitabuni inaweza kuiganda jamii nzima kwa miaka mingi.

Uganda ina kisa chake. Mwaka 1972 mwanaanthropolojia Mwingereza Colin Turnbull alichapisha kitabu The Mountain People kuhusu Waik, jamii ndogo inayoishi milimani katika eneo la Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi. Alikuwa ameishi nao katika miaka ya 1960, wakati wa njaa kali. Aliwaeleza kuwa watu waliopoteza upendo na huruma, hata kwa watoto na wazazi wao, akapendekeza watawanywe katika vikundi vidogo mbali na kwao. Kitabu kilisomwa sana Ulaya na Marekani, na mwaka 1975 kikageuzwa mchezo wa kuigiza jijini Paris.

Mwaka 1974 mwanaanthropolojia Mnorwe Fredrik Barth alimshutumu mwenzake hadharani kwa kukosa uwajibikaji kwa watu aliowaandika. Baadaye mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine aliishughulikia lugha ya Waik, na katika makala ya mwaka 1985 akaeleza kwamba Turnbull hakuifahamu lugha hiyo vyema, na kwamba baadhi ya watu waliompa habari hawakuwa Waik. Aliripoti pia kuwa Waik wenyewe walichukizwa na yaliyoandikwa juu yao.

Mambo mawili katika kisa hicho, lugha ya mawasiliano na sifa ya jamii, ni miongoni mwa yale ambayo kamati za leo zinapaswa kuyatazama kabla ya mtafiti kufunga safari.

Kanuni zilitoka wapi?

Kanuni za leo zilizaliwa katika tiba. Huko Tuskegee, jimbo la Alabama nchini Marekani, tangu 1932 hadi 1972, maafisa wa afya wa serikali waliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli kuhusu ugonjwa wao na bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Kashfa hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, iliyoweka misingi mitatu: kumheshimu mtu na uamuzi wake, kumtendea mema na kumkinga na madhara, na haki katika kugawa mzigo na manufaa ya utafiti.

Msingi wa tatu unawagusa sana walio wachache. Si haki jamii moja ihojiwe kila mara kwa sababu tu ni maskini, ni rahisi kupatikana, au haina mtetezi. Wahamiaji wa Kampala wamechunguzwa kwa muda mrefu: katika miaka ya 1950 taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere ilichapisha vitabu kuhusu wahamiaji wa Buganda na kuhusu wakazi wa Kisenyi na Mulago.

Safari ya ombi

Nchini Uganda msimamizi mkuu ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1990. Mwongozo wake wa utafiti unaohusisha binadamu, uliotolewa upya mwaka 2014, unahusu pia sayansi ya jamii. Baraza huzipa ithibati kamati za maadili zilizo katika vyuo, hospitali na taasisi. Chuo Kikuu cha Makerere kina kamati kadhaa, mojawapo ikiwa ya Shule ya Sayansi za Jamii.

Mtafiti huwasilisha andiko linaloeleza anataka kujua nini, atawahoji akina nani, atawapataje na atahifadhi vipi majibu yao. Huambatanisha maswali yenyewe na fomu ya ridhaa. Kamati huwa na wanaume na wanawake, wanasayansi na wasio wanasayansi, pamoja na mjumbe kutoka nje ya taasisi. Inaweza kuidhinisha, kudai marekebisho au kukataa. Kisha utafiti husajiliwa UNCST. Anayetaka kuingia katika makazi ya wakimbizi huhitaji pia kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Idhini ya kamati huwa na muda, kwa kawaida mwaka mmoja, na huombwa upya iwapo kazi haijakamilika.

Ridhaa kwa lugha ipi?

Kiini cha ukaguzi wote ni ridhaa: mtu aelezwe, aelewe, kisha aamue kwa hiari. Mwongozo unadai maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoielewa mshiriki. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi na kuweka alama ya kidole gumba.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Hata hivyo, jijini Kampala Kiingereza na Kiluganda ndizo lugha zinazofikiriwa kwanza. Na hata fomu inapotafsiriwa kwa Kiswahili, kazi haijaisha, kwa kuwa Kiswahili cha Unguja na cha Bukavu hakilingani katika kila neno. Neno "ridhaa" lenyewe linaweza kuwa geni kwa aliyezoea kusema "kukubali" au "ruhusa". "Uchunguzi", ambalo baadhi ya watafsiri hulitumia badala ya "utafiti", humkumbusha msikilizaji polisi au daktari. "Faida" ni neno la sokoni: anayeambiwa kuwa utafiti una faida anaweza kutarajia fedha, ilhali mwandishi wa fomu alikusudia maarifa yatakayosaidia jamii hapo baadaye.

Mtu aliyetia saini kwa kutoelewa namna hiyo ana jina kwenye karatasi, lakini hajaridhia. Kamati isiyo na mjumbe anayekijua Kiswahili cha mashariki mwa Kongo itaona muhuri wa mtafsiri na kuendelea.

Hiari ya mkimbizi

Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni moja na nusu, wengi wakitoka Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa mkimbizi, mgeni mwenye karatasi na kalamu hufanana na afisa wa shirika la misaada au wa serikali. Anaweza kukubali kuhojiwa kwa hofu kwamba akikataa, ombi lake la hifadhi litakwama. Anaweza pia kutia chumvi taabu zake kwa tumaini la kusaidiwa. Kwa sababu hiyo fomu inapaswa kutamka wazi kwamba kukataa, au kuacha katikati, hakumpunguzii mtu haki yoyote. Nauli na fidia ya muda huruhusiwa, mradi kiasi kisiwe kikubwa hata kikawa kishawishi.

Usiri una uzito uleule. Kubadilisha jina hakutoshi ikiwa maandishi yanataja kijiji, kazi na idadi ya watoto. Jirani atamtambua mhusika papo hapo. Tangu 2019 Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, inayombana pia mtafiti anayekusanya taarifa binafsi.

Malalamiko ya watafiti

Wanasayansi ya jamii wana hoja zao. Wanasema kanuni zilizoshonwa kwa ajili ya maabara huwabana wao visivyo: mahojiano hubadilika yanapoendelea, na saini inayodaiwa inaweza kuwa ndiyo hatari yenyewe kwa mtu anayejificha. Wanalalamikia pia ada na ucheleweshaji. Mwanafunzi mwenye miezi michache ya kumaliza shahada huona kamati kama kikwazo.

Upande wa pili, kamati hukagua karatasi. Mara nyingi haipo sebuleni msaidizi wa mtafiti anapoharakisha maelezo ili afikie idadi ya madodoso ya siku. Hapo mlinzi aliyebaki ni mshiriki mwenyewe.

Unayoweza kuuliza

Aliyeombwa kushiriki anayo haki ya kuuliza:

- Wewe ni nani, umetoka chuo gani, na nani anagharimia kazi hii?
- Kamati gani imeidhinisha, na je, muhuri kwenye fomu haujapitwa na wakati?
- Sauti yangu itahifadhiwa wapi, na nani ataisikia?
- Nikijutia nilichosema, naweza kukiondoa?
- Matokeo yataturudia vipi?

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, kwa kawaida huhitajika ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe pia aulizwe. Fomu inapaswa kuonyesha namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati na anwani ya UNCST, ambayo ofisi zake ziko Ntinda, Kampala. Nakala ya fomu hiyo ni ya mshiriki, naye anaweza kuidai kabla mtafiti hajaondoka.